Nasari, Kreshi au Chekechea

Jumatatu, Septemba 12, 1994

Mutsinzi, mume wangu, wewe umebaki Karagwe na ng'ombe wako, mimi nimetangulia Kigali na mtoto. Uliniambia nikuandikie barua, lakini barua hazina wa kuzipeleka siku hizi. Kwa hiyo naandika humu, na siku utakayofika nitakusomea yote, upende usipende.

Leo nimeanza kazi. Ni ofisi ya serikali, huku Kimihurura, inayogawa mbegu na majembe kwa wakulima. Walitaka mpiga chapa. Nikawaambia nilifundishwa taipureta na masista wa Bukoba, wakanichukua hapohapo bila kuuliza cheti. Mshahara ni maharage, unga na mafuta, maana serikali yenyewe haina kitu. Sikubisha, tunakula.

Shida ni Sangwa. Nimemuacha na nani? Kule nyumbani kulikuwa na mama yako, dada zako, majirani, mtoto alikuwa anapita mgongo hadi mgongo na mimi naenda shamba. Hapa Gatsata ninakoishi, kila mlango kuna mtu aliyefika juzi kutoka nchi nyingine. Binamu yangu anaondoka alfajiri kama mimi. Basi nilimfunga mgongoni, nikateremka Nyabugogo, na mvua ya kwanza ya msimu ikatukuta pale. Tumefika ofisini tumelowa chepechepe.

Nilimficha chini ya meza yangu. Alikaa vizuri mpaka saa nne, kisha akashika suruali ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi wetu anaitwa Gakwaya, amekulia Uganda, mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kuamrisha. Aliinama, akamtazama Sangwa, Sangwa akamtazama.

"Mama, hii nini?"

"Mwanangu, Bwana Direkta."

"Naona iko mtoto. Nauliza inafanya nini hapa. Hapa iko ofisi."

Nikamjibu kwamba sina pa kumuacha. Akasema kesho nisije naye. Nikaitikia ndiyo, huku nikijua kabisa kwamba kesho nitakuja naye.

Septemba 13

Nimekuja naye.

Septemba 16

Kumbe siko peke yangu! Leo nimefungua stoo ya karatasi, nikamkuta Phiona wa masjala amejibanza anamlisha mwanawe Benon ndizi, amemziba mdomo nusu ili asipige kelele. Phiona amekulia Kampala. Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye nyumba moja, tukacheka mpaka tukakaa chini. Akaniambia na Générose wa hesabu, yule wa Bujumbura, anamficha wake, Bertrand, kwa dereva ndani ya gari.

Nikawaambia wote wawili: ujinga huu wa kuficha watoto kama magendo uishe. Mwisho wa ukumbi kuna chumba hakina kazi. Tukaombe.

Phiona akasema, "Banange, Direkta atatufukuza."

"Akitufukuza nani atampigia chapa? Yeye?"

Septemba 19

Nimeomba. Amekataa. Nimeomba tena baada ya chai. Amesema, "Chumba ile haina vioo, haina hata mlango muzuri, mufanye munavyotaka mpaka nitakapoihitaji." Nimelichukua hilo kuwa ndiyo.

Septemba 21

Tumekisafisha chumba. Ofisi hii ilikuwa nyumba ya watu kabla ya vita. Sitaandika tulichokikuta ukutani. Générose alitoka nje akatapika. Aliyepiga magoti na brashi ni mfagiaji wetu, Illuminée, mwanamke mwembamba asiyesema. Sisi wote tumetoka nje ya nchi, yeye peke yake alikuwa hapahapa Kigali miezi yote ile. Alisugua, akamwaga maji, akasugua tena, wala hakuuliza ni nini. Kwenye madirisha tumepigilia karatasi ya plastiki ya turubai la msaada.

Septemba 28

Mvua. Watoto watatu kwenye mkeka.

Oktoba 4

Tunapeana zamu ya kukaa nao, na kazi imeharibika. Leo nimeandika "majembe" mahali pa "mbegu" ukurasa mzima kwa sababu nilikuwa nasikiliza ni nani analia. Phiona amesema Illuminée akimaliza kufagia hana kazi, kwa nini asikae nao yeye.

Nilikataa. Nakuandikia ukweli, mume wangu. Nilisema simjui mtu huyu. Siku hizi hapa watu wanaulizana kimoyomoyo swali moja tu: wewe, miezi ile, ulikuwa wapi na ulifanya nini? Nani atamkabidhi mtoto mtu ambaye hajui jibu lake?

Générose, ambaye nilimdhania mwoga, akanigeukia. "Weye Connie, sikia. Mimi mwenyewe unanijua? Unajua nilikuwaka nani kule Buja? Mtoto wako naye nimemuosha matako jana."

Unajua mimi nikishindwa huwa nanuna. Nimenuna mpaka saa ya kutoka.

Oktoba 6

Nimekubali, kwa wiki moja tu, na kwa sharti kwamba mlango uwe wazi ili nimuone kutoka mezani kwangu.

Tulimwita Illuminée. Akafikiri sana. "Kuangaria, nitaangaria," akasema. "Kulisha, nitarisha. Lakini mimi hapana beba mutoto kwa mugongo."

"Hata akilia?"

"Hata akiria."

Nikawaza, huyu yaya gani asiyebeba! Ni kama kupewa mpishi anayeogopa moto.

Oktoba 13

Wiki imekwisha. Sangwa yuko salama, amenawiri, amejifunza kunywa uji kwa kikombe. Lakini nina neno na mwanamke huyu. Hawaiti watoto majina. Wote ni "wewe". "Wewe, kuja." "Wewe, toa mudomoni." Leo nimemwambia, si kwa upole, "Mwanangu ana jina. Anaitwa Sangwa."

"Ndiyo, Madamu," akasema. Kisha akamgeukia mtoto: "Wewe, kuja kunywa uji."

Nilitaka kumpa vidonge vyake, Phiona akanishika mkono. Hii ni dharau, nakuambia. Watoto wetu si mbuzi.

Oktoba 17

Mvua usiku na mchana. Binamu amepata homa. Sina zaidi.

Oktoba 24

Direkta ameanza kuandaa mchoro wa vyumba vya ofisi kwa ajili ya wizara, kila chumba na jina lake: Masjala, Hesabu, Stoo, Mkutano. Akasimama mlangoni pa chumba chetu na kalamu. Watoto walikuwa wanamimina mchanga kwenye kopo.

"Hii niandike nini?"

Phiona akarukia, "Nasari, Direkta."

Gakwaya akacheka, mara ya kwanza namuona meno. "Nasari! Mimi nimesoma nasari. Nasari iko na mwalimu, iko na ubao, watoto wanavaa sare, wanaimba herufi, ukienda nyumbani unajua kuhesabu mpaka kumi kwa Kiingereza. Hii iko nasari?"

Bertrand akajimwagia mchanga kichwani.

"Desemba mbegu za msimu ujao zinafika," akasema, "na zinataka chumba kavu. Chumba haina jina, haina kazi. Wizara ikiuliza, nitasema stoo. Kama munasema iko nasari, munionyeshe nasari."

Akaondoka. Pale kwenye mchoro aliacha mraba mtupu.

Sasa naelewa, na sijapata usingizi tangu jioni. Chumba kikiwa stoo, mimi nitarudi nyumbani na Sangwa, Générose atarudi nyumbani na Bertrand, na Phiona vivyo hivyo. Maharage na mafuta yatakwisha. Utanikuta wapi ukija? Sitakubali. Nasari anataka, nasari ataiona.

Oktoba 31

Tumepata ubao. Ni mlango wa kabati lililovunjika, tumeupaka makaa yaliyosagwa. Phiona atakuwa mwalimu, maana yeye nasari anaijua kwa kuisoma.

Tatizo ni kwamba kila mmoja wetu ana nasari yake kichwani. Phiona anataka wimbo wa herufi na soksi nyeupe. Générose anasema hapana, hawa ni wadogo mno, inayotakiwa ni kreshi: kule Buja tulikuwaka na kreshi kwa masista, vitanda vidogo mstari, mtoto anapimwa kilo, analala saa sita, akiamka anapakwa mafuta. Mimi ninayoijua ni chekechea, ile ya kambini Karagwe, kikombe chako mkononi, uji, michezo, nyimbo za kupiga makofi, na mama mmoja mnene anayejua kukutuliza. Tulibishana mpaka tukasahau watoto wenyewe. Phiona akasema chekechea ni ya wakimbizi. Nikamuuliza, na wewe Kampala ulikuwa nani, binti wa mfalme?

Hatujasemezana tangu hapo.

Novemba 9

Mkaguzi wa nasari alikuja, yaani Gakwaya. Nieleze? Nitaeleza.

Tuliwavalisha watoto vitambaa vyeupe vya shingoni nilivyovishona kutoka kwenye mfuko wa unga, bado vina herufi za bluu za msaada. Tukawapanga mstari. Phiona akainua fimbo akaimba "A". Benon, ambaye ana miaka mitatu na aliyefanyishwa mazoezi wiki nzima, akasema, "Nataka kukojoa." Phiona akaimba "B". Bertrand akamng'ata Benon. Sangwa akatambaa hadi ubaoni, akaulamba, akageuka na mdomo mweusi tii. Nikamkimbilia, nikajikwaa kwenye ndoo ya uji.

Illuminée alikuwa kwenye kona. Nilimuona amefunika mdomo kwa kitenge chake. Alikuwa anacheka, huyu mwanamke wa mawe.

Direkta alitoka bila neno. Mlangoni akasema tu, "Mbegu zitafika mwanzo wa Desemba."

Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi kupiga chapa.

Novemba 10

Leo, wengine wamekata tamaa, mimi nimemuuliza Illuminée. "Nyinyi wa hapahapa, kabla ya vita, mahali kama hapa mlipaitaje?"

Akafikiri, akisuuza kitambaa cha sakafu majini. "Hapa? Hapa mutoto iko kwa mugongo ya mama. Mama hayuko, iko kwa mugongo ya nyanya. Nyanya hayuko, jirani. Hakuna jina."

Nimetembea na maneno hayo njia nzima hadi Gatsata. Ndiyo maana hatuna neno letu, tumeazima ya kila nchi iliyotulea. Hatukuwahi kulihitaji. Neno limehitajika kwa kuwa nyanya hayuko na jirani hayuko.

Novemba 18

Nimetumwa na lori la majembe hadi Byumba, nikaandike wanaopokea. Niliwaambia tutarudi saa tisa. Lori likakwama kwenye tope mara mbili, tukasukuma sote, dereva, askari na mimi nimekunja kitenge. Tumeingia Kimihurura giza linaanza, mvua inamwagika, na mimi roho iko mkononi. Phiona na Générose walikuwa wameshaondoka, maana hawana budi kuwahi kabla ya saa ya marufuku ya kutembea usiku.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, kama nilivyoagiza Oktoba. Hakuna taa. Illuminée alikuwa ameketi kwenye mkeka na miguu ameinyoosha, Sangwa amelala juu ya mapaja yake, amefunikwa kitenge chake chote, yeye mwenyewe amebaki na gauni tu kwenye baridi ile.

"Kwa nini hukuondoka naye? Ungembeba mgongoni ukaenda naye kwako, ningemfuata."

"Ulisema mulango iwe wazi," akasema. "Nimengoja. Na nilikuambia, mimi hapana beba."

"Illuminée, kwa nini?"

Akasema, polepole, kama mtu anayetoa mwiba, "Nilikimbia na mumoja kwa mugongo. Nikafika, nikamufungua. Alikuwa amekwisha."

Mutsinzi, sikujua mikono yangu niiweke wapi. Niliketi kando yake. Nilitaka kuuliza jina, mdomo wangu ambao hauna breki ukaziba wenyewe. Na hapo ndipo nilipoelewa ile "wewe, wewe" yake. Mwezi mzima nimekuwa nikiiita dharau. Haikuwa dharau kabisa. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilimfunika na kitenge changu kilichojaa tope. Akakipokea.

Novemba 21

Nimemwambia Illuminée mlango anaweza kuufunga. Kuna baridi.

Novemba 29

Nimeamua. Nimewakusanya Phiona na Générose saa ya chakula, nikawaambia hivi: kitu kisicho na jina huku kwetu hatukipimi kwa ubao. Kinapewa jina. Mtoto akizaliwa tunafanyaje?

Phiona akaduwaa. "Ubunnyano?"

"Ubunnyano."

Nikawauliza kama kwao walifanya. Phiona alifanya, kambini Uganda, kabla hawajahamia Kampala. Générose alifanya, Burundi, kwenye ua wa nyanya yake. Mimi nilifanya, Karagwe, na wewe Mutsinzi pia, uliniambia ulimpa mdogo wako jina la Mbwa na mama yako akashukuru. Kwa nchi tatu tumetofautiana nasari na kreshi na chekechea, lakini hili kila mtu alilibeba vilevile: watoto wanaitwa, wanalima kwa vijiti uani, mtu mzima anawanyunyizia maji, anapiga kelele kwamba mvua imekuja, watahe, yaani warudi nyumbani. Wanakimbilia ndani, wanakula maharage, na kila mmoja anatoa jina. Hakuna jina linalokataliwa mbele yao.

"Na Direkta?" Générose akauliza.

"Ndiye baba wa nyumba. Atakula maharage kama baba yeyote."

Tumepanga Ijumaa ya wiki ijayo. Mbegu, tumeambiwa, zinakuja Jumatatu inayofuata.

Desemba 3

Mvua, mvua, mvua.

Desemba 9, Ijumaa

Ngoja nikae vizuri, hii ni ndefu.

Asubuhi nimefika na maharage yangu yaliyopikwa, nimeyabeba kichwani na Sangwa mgongoni, nikakuta lori la mbegu uani. Zimekuja leo. Magunia yamefunikwa turubai, dereva anavuta sigara. Mkeka wetu, makopo, ubao, vyote viko nje barazani. Mlango wa chumba una kufuli jipya. Gakwaya alikuwa ametoa amri mapema: Illuminée akisha kufagia, afunge, ufunguo akae nao yeye, mpakuaji akija afungue, magunia yaingie.

"Bwana Direkta, tulikubaliana Jumatatu."

"Mama Sangwa, mbegu haikuniuliza Jumatatu. Ikilowa, watu watapanda nini Februari? Niambie wewe. Watapanda nasari?"

Na yuko sahihi, hicho ndicho kilichoniuma. Nimeandika kwa mkono wangu majina ya wale wa Byumba. Mbegu zikioza, watoto wao watalala njaa. Nilisimama pale na sufuria kichwani.

Phiona akaninong'oneza, "Twende nyumbani, Connie. Imekwisha."

Nikamwambia haijaisha. Maharage yamepikwa.

Wapakuaji walikuwa hawajafika. Saa sita tuliwatoa watoto uani. Walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia, maana habari ilikuwa imeenda: dereva alileta mabinti zake, mama wa ofisi ya jirani akaleta mapacha wake. Tukawapa vijiti. Unajua watoto, hawakuhitaji kufundishwa. Walilima ua wa serikali mpaka ukawa matuta. Sangwa alichimba kwa kijiko. Makarani walichungulia madirishani, wengine wakacheka, na mzee mmoja wa masjala akaanza kuwaambia, "Lima, mwanangu, lima, jua bado lipo."

Gakwaya akatoka barazani na uso wa hasira. Alipoona vijiti, akasimama. Sijui alikumbuka nini.

Générose alikuwa ameshika kikombe cha maji na tawi. Lakini kabla hajanyunyiza, mbingu zenyewe zikafunguka, Mutsinzi! Tone moja, mawili, halafu ndoo nzima. Na sisi watu wazima kwa pamoja, bila kupanga, tukapiga kelele ileile ya nyanya zetu:

"Imvura! Nimutahe!"

Mvua! Rudini nyumbani!

Watoto wakatupa vijiti, wakakimbia. Na ni hapo nilipogundua kosa langu. Kwenye ubunnyano nyumba iko wazi nyuma yako. Hapa nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Niliwatazama wakikimbia, nikawaza, wanakimbilia wapi hawa, mmoja wa Kampala, mwingine wa Buja, mwingine wa Karagwe?

Hawakusita hata kidogo. Illuminée alikuwa amesimama barazani mbele ya mlango uliofungwa, ufunguo kwenye pindo la kitenge. Wakamvamia. Benon akashika mguu, Bertrand akashika mguu mwingine, Sangwa akatambaa kwenye matope akamshika kisigino na kujivuta juu, na hata wale mapacha wa jirani, ambao hawakumjua, wakafuata wenzao.

Alimtazama Gakwaya. Gakwaya alimtazama. Nilidhani atauliza ruhusa. Illuminée hakuuliza. Akafungua pindo, akatoa ufunguo, akafungua kufuli.

"Illuminée!" Gakwaya akasema.

"Direkta," akajibu, "wameambiwa watahe."

Wakaingia wote.

Nikapita mbele ya Mkurugenzi na sufuria yangu. Nilitandika majani ya ndizi sakafuni, nikapakua, watoto wakala kwa mikono, matope na maharage pamoja. Nikachukua jani la mwisho, nikampelekea Gakwaya mlangoni, nikapiga goti kidogo kama anavyopewa baba mwenye nyumba. Sikuinamisha macho.

"Hii iko nini, Mama Sangwa?" Alijua kabisa ni nini.

"Ofisi imejifungua, Bwana Direkta. Tunampa mtoto jina."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha akavua viatu, akaingia, akachuchumaa kati ya Bertrand na mmoja wa mapacha, akala.

Nikawauliza watoto: nani anatoa jina? Benon akasimama kwa nguvu zote, akasema alivyofundishwa na mama yake, "Mwise Uji!" Mimi namwita Uji. Tukapiga makofi, tukashukuru. Bertrand akasema, "Mwise Kamyo," kwa sababu ya lori. Tukashukuru. Mapacha wakasema jina moja la mbuzi wao. Sangwa akasema "Ba!" tukashukuru zaidi. Phiona, mtu mzima na akili zake, akasema Nasari, tukacheka, tukashukuru.

Gakwaya akafuta mikono. Akamtazama Illuminée, aliyekuwa amesimama ukutani, pale alipopasugua Septemba. "Na wewe? Mwenye ufunguo hajasema."

Akatikisa kichwa. Tukangoja. Sangwa alikuwa bado ameng'ang'ania kisigino chake, akimtazama kutoka chini na maharage kidevuni.

"Mwise," akasema Illuminée, akakata. "Mwise Aurore."

Hakuna aliyeuliza Aurore ni nani. Générose aligeukia dirisha, mabega yake yakawa yanacheza. Mimi nililia waziwazi, sina aibu kukuambia.

Gakwaya alikuwa mkubwa wetu, na baba ndiye anayefunga. Alikohoa. Nikasikia ile sauti ya kuamrisha imeshuka. "Tumelipokea," akasema. "Tumeshukuru." Akavaa viatu, akatoka barazani, akaanza kuwafokea wapakuaji waliokuwa wamejibanza chini ya lori: mnangoja nini, mbegu zinalowa, zipelekwe ofisini kwangu, sogezeni viti, sogezeni meza, haraka!

Desemba 12

Ofisi ya Mkurugenzi imejaa magunia hadi dirishani. Leo amempokea mgeni wa wizara wote wawili wamekalia maharage ya mbegu. Mgeni akaulizia mchoro wa vyumba. Phiona aliuona ukipita masjala. Kwenye ule mraba mtupu Direkta ameandika kwa mkono wake, herufi kubwa: KWA AURORE.

Desemba 15

Illuminée amesema, "Sangwa, kuja." Nimeacha kupiga chapa. Amesema tena, "Sangwa." Nilijifanya sijasikia.

Desemba 20

Mvua inapungua. Asubuhi hii nimeliona jua Gatsata lote.

Ameajiriwa msichana mpya wa simu, anaitwa Peace, amefika juzi kutoka Mbarara. Nilimkuta ukumbini amempakata mtoto, Shallon, wa miezi michache tu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilijiona mimi wa Septemba.

"Dada," akaniambia, "wamesema hapa kuna nasari."

"Nasari hatuna," nikamwambia. "Nenda mwisho wa ukumbi. Mpeleke kwa Aurore."

Alitembea nami huku amemkumbatia mtoto kama atanyang'anywa. Mlangoni akasita, Illuminée akiwa amesimama mbele yetu, mbeleko mpya imefungwa kiunoni. Peace hakumjua, akanigeukia mimi.

"Huyo Aurore," akauliza, "ni mtu mzuri? Naweza kumuamini?"

Mimi, mwenye mdomo usio na breki, nikasogea kando. Aliyejibu ni Illuminée.

"Iko muzuri," akasema. "Aurore iko muzuri sana." Akageuka, akainama mbele ya yule mama, akangoja awekewe mtoto mgongoni.